Gari Lililokimbia Bila Dereva Wake

Walter Zielinski hakulinunua gari lile kwa kuwa alilihitaji. Gerejini kwake, nyuma ya nyumba yao ya matofali pale Wyandotte, tayari yalikuwapo mawili yaliyovuliwa hadi mifupa, na la tatu lilikuwa limelala uani chini ya turubai, mkewe akilipita kila asubuhi kama mtu anavyompita mgeni aliyekataa kuaga. Alilinunua kwa sababu mjane mmoja wa Monroe alikuwa akiuza mali za marehemu mumewe, na katikati ya matrekta na mashine za kukatia nyasi lilikuwa limesimama Plymouth GTX la mwaka sitini na nane, rangi ya buluu, lisilowashwa kwa miaka ishirini na saba. Mzee Walter alipiga magoti kwenye nyasi, akachungulia uvunguni, na alipoinuka hakuwa tena mtu wa kushauriwa.

"Wewe unaona chuma chakavu," alimwambia mkewe Genia walipokuwa wakilishusha kwenye trela. "Mimi naona siku lilipotoka kiwandani."

"Mimi naona turubai la pili," Genia alijibu, akarudi ndani kwenye pierogi zake, vile viandazi vya Kipolandi.

Ugonjwa huo ulikuwa wa nyumba nzima. Mzee Walter alifanya kazi miaka thelathini na minne katika kiwanda cha kukandamiza mabati ya magari, na alipostaafu aliendelea kufanya bure kile alichokuwa akilipwa kufanya. Alitaka kila gari lirudi lilivyozaliwa: skrubu ileile, rangi ileile, hata alama za chaki ambazo mafundi waliandika chini ya boneti. Mwanawe Curt, fundi wa injini za mabasi, alikuwa wa dini nyingine kabisa. Kwake yeye magari haya ya misuli, ya zamani yenye injini kubwa, yalikuwa ngozi nzuri ya kuvalisha injini mpya, breki mpya na gia tano. Baba na mwana walibishana kila Jumamosi tangu Curt akiwa na miaka kumi na sita, na hakuna aliyewahi kushinda wala kuchoka.

Kati yao alikuwa Renee, mtoto wa kwanza, mwenye miaka arobaini na moja, mshonaji wa viti vya magari na mashua. Renee hakuwa upande wa mtu. Yeye alitaka kujua nani alikaa. Kiti hakina siri, ndivyo alivyozoea kusema. Ndani ya viti alikuwa ameshaokota pini za nywele, jino la bandia, na barua ya posa ambayo haikuwahi kufunguliwa. Kabla wenzake hawajajua kama injini inazunguka, yeye alikuwa ameshajua kama mwenye gari alikuwa mnene, kama alivuta sigara, kama alifuga mbwa. Kwa hiyo Jumamosi ya kwanza, wakati baba yake na Curt wakivutana juu ya kabureta, alifungua mlango wa dereva, akapiga magoti, akaanza kulegeza nati za kiti.

Hakufika mbali.

"Baba," aliita. "Hebu njoo uone."

Reli za kiti hazikuwa mahali pake. Matundu ya kiwandani yalikuwa yamezibwa kwa bati na kuchomelewa vizuri, na mbele yake, karibu upana wa kiganja, yalikuwapo matundu mengine. Kiti kilikuwa kimesogezwa mbele kiasi kwamba Curt alipojaribu kukaa, magoti yalimgonga usukanini, akatoka akiyasugua. Juu ya pedali zote tatu vilikuwa vimefungwa vipande vya mbao ngumu, vinene kama nusu mkate. Mtu alikuwa amevichonga kwa subira. Kile cha klachi kilikuwa na mbonyeo, umbo la sehemu ya mbele ya kiatu kidogo. Na mkono wa gia, uliopaswa kusimama wima, ulikuwa umepashwa moto na kukunjwa kuelekea kwa dereva.

"Mtoto," alisema Mzee Walter. "Kuna mjinga alimwachia mtoto wake aendeshe."

"Mtoto gani ataweza klachi hii?" Curt aliuliza. "Mimi mwenyewe inanitetemesha goti."

"Basi mtoto ni wewe."

Renee hakucheka. Alikuwa ameingiza vidole kwenye ule mbonyeo. Mbao ilikuwa nyororo kama mpini wa jembe la babu. "Huyu si mtoto," alisema. "Tazama kiatu kilivyolila gamba la mbao, mahali palepale, mara elfu. Ni mtu mzima, mfupi. Na aliyechonga hapa alikuwa na muda mwingi, au alikuwa na mapenzi mengi."

"Awe yeyote, vitatoka," alisema Mzee Walter. "Gari halikuzaliwa na viatu vya mbao."

Lakini siku hiyo hakuvitoa. Alivitazama, akajikuna shingo, akaenda kunywa kahawa.

Jumamosi iliyofuata Renee alifika kwenye kasha la dashibodi, lile la kutunzia glovu na makaratasi. Katika magari yale kasha ni la kadibodi tu, na la hili lilikuwa limelegea kwa unyevu. Alilichomoa ili apime atengeneze jipya, akaligeuza, na pale nje, upande ambao hakuna macho yanayofika ila ya fundi, akakuta maandishi ya penseli. Mistari arobaini na mitatu, midogo, imenyooka kama ya mwalimu. Kila mstari ulikuwa na tarehe, halafu namba, halafu maneno mawili.

Curt alilichukua, akalipeleka dirishani. "Hizi ni sekunde," alisema. "Sekunde za mbio za robo maili. Juni sita, kumi na tatu nukta sita nne, bila B. Juni kumi, kumi na tatu nukta nane tano, na B. Juni kumi na tatu, bila B. Juni kumi na saba, na B…"

"B ni nini?" Renee aliuliza.

"Bampa. Walikuwa wanafungua bampa kupunguza uzito."

"Betri," alisema Mzee Walter. "Wengine waliihamishia kwenye buti."

"Breki," ilisema sauti ya Genia mlangoni. Alikuwa amesimama na sahani ya soseji na kabichi. Wote watatu wakamgeukia. "Mnanitazamia nini? Bila breki gari si linakwenda kasi?"

Curt alicheka mpaka akakaa juu ya tairi. Lakini alipomaliza kucheka alichukua kipande cha chaki akaanza kuandika sakafuni, maana kwa hesabu za namna hiyo hakuwa na mchezo. Alitoa mstari mmoja kwenye mwingine, akatoa tena, akatoa tena. Tofauti ilikuwa ileile karibu kila mara: sehemu mbili za kumi za sekunde.

"Gari kama hili, ukilipakia kilo arobaini na tano unapoteza sehemu moja ya kumi," alisema. "Kwa hiyo B ina kilo tisini. Bampa zote mbili hazifiki. Betri ndiyo kabisa. Na breki, Mama, hiyo tuiache."

"Kilo tisini," Mzee Walter alirudia. Akajishika tumbo. "Huyo ni mimi kabla ya Krismasi."

Alisema kwa mzaha, lakini Renee aliinama juu ya zile hesabu za chaki. "Ndiyo, Baba," alisema polepole. "B ni mtu."

Baada ya hapo hakuna aliyetaja tena injini mpya wala skrubu za zamani. Renee alichukua msasa, akaanza kukwangua mlango wa dereva, mahali magari ya mbio huandikwa majina, taratibu, kwa maji, rangi baada ya rangi. Chini ya buluu kulikuwa na nyeupe. Chini ya nyeupe ikatokea rangi ya chungwa, na ndani ya chungwa, kama samaki anayepanda juu ya maji, ikatokea namba: thelathini na moja. Chini ya namba, herufi zilizochorwa kwa mkono. COLVIN.

Mzee Walter, aliyesimama nyuma yake, alilisoma jina kwa sauti. Kisha akashuka kwenye chumba cha chini ya nyumba, wakamsikia akisukuma maboksi, akitukana kwa Kipolandi. Alipopanda tena alikuwa amefunikwa na vumbi, ameshika kijitabu cha ratiba ya mashindano ya mwaka sabini, kutoka uwanja wa Marlow Road, ambao siku hizi ni ghala la samani. Ujana wake wote alikuwa akienda pale kila Jumamosi.

"Hapa," alisema, akiweka kidole. "Namba thelathini na moja. B. Colvin, wa mji wa Taylor. Plymouth."

"Aha," alisema Curt. "Basi B ndiye dereva. Yamekwisha."

Renee aliendelea kukitazama kijitabu. "Yamekwisha vipi? Kama B ndiye dereva, nani alikuwa anaendesha siku za 'bila B'?"

Curt alikisoma tena kijitabu.

"Tena," aliendelea, "siku za bila B ndizo zenye kasi. Na mtu wa kilo tisini hawezi kuingia kwenye kiti hiki. Curt mwenyewe kimemshinda."

"Unaniambia," alisema Mzee Walter, "gari lilikimbia bila dereva wake, na likakimbia vizuri zaidi?"

"Sikuambii kitu, Baba. Nakuuliza."

Wiki ile Mzee Walter alimpigia Renee simu kazini mara tatu, kila mara na nadharia mpya. Pengine B alikuwa na pacha mfupi. Pengine B alikuwa jambazi anayekodisha jina. Pengine mwandishi hakujua kuandika. Mara ya tatu Renee alimwambia, "Baba, nina mashua ya watu hapa," akakata. Lakini mchana, wakati wa chakula, alifungua kitabu cha simu akawakuta akina Colvin kumi na mmoja kati ya Taylor na Monroe. Alianza kuwapigia mmoja mmoja. Wawili hawakupokea. Mmoja alidhani anauziwa bima. Wa saba alikuwa mwanamke, sauti kavu ya mtu aliyezoea kukaa peke yake.

Renee alijieleza: gari, rangi ya chungwa, namba. Upande wa pili kikasikika kiti kikivutwa.

"Lina mbao kwenye pedali?" ile sauti iliuliza.

"Ndiyo, Mama. Zote tatu."

"Ya klachi imepasuka?"

"Hapana. Nzima kabisa."

"Hm," alisema yule mwanamke. "Burt alisema haitapasuka. Mimi nilibisha."

Alikuja Jumapili baada ya misa, akiendesha gari lake mwenyewe, lililojaa matope ya barabara hadi vioo. Jina lake Ardith Colvin, miaka sabini na moja, mfupi kuliko hata Genia, ambaye naye si mrefu. Hakuingia nyumbani. Alinyooka moja kwa moja hadi gerejini, kana kwamba kuna mtu aliyemchelewesha, akasimama mbele ya ule mlango uliokwanguliwa.

"Mmeifufua hiyo rangi mbaya," alisema. "Lilikuwa kopo la bei rahisi kuliko yote dukani."

Genia alimletea kiti na kahawa. Mzee Walter alikuwa amevaa shati la kanisani na hakujua aweke wapi mikono yake. Alikuwa na maswali ya siku nane. Renee ndiye aliyeuliza.

"B alikuwa nani?"

"Kaka yangu. Burt." Bi Ardith alipuliza kahawa. "Alirudi kutoka vita vya Vietnam mwaka sitini na saba bila macho. Kabla ya kwenda alikuwa fundi. Aliporudi akawa fundi bado, ila hakuna aliyetaka kumpa gari. Kwa hiyo akanunua lake. Akafungua injini nzima kwa vidole, akaifunga kwa vidole. Ukiiwasha anainamisha kichwa hivi, anasema, silinda ya tano inadanganya. Na kweli, ilikuwa inadanganya."

"Na wewe ndiye uliyeendesha," alisema Curt.

"Nani mwingine? Burt angeendesha? Angeingia kwenye kibanda cha tiketi." Alicheka, na wao wakaona kwamba wanaruhusiwa kucheka. "Pale Marlow Road wanawake hawakuruhusiwa daraja lile. Walikuwa na siku yao moja kwa mwaka, wanapewa maua. Basi Burt akajisajili yeye, kwa posta. Mimi nikavaa koti lake na helmeti. Sikuivua mpaka nimetoka getini. Misimu mitatu watu walidhani Burt Colvin ni mtu wa majivuno, hasalimii."

"Mungu wangu," alisema Mzee Walter. "Mimi nilikuwapo. Nilikuita mtu wa majivuno mimi."

"Hukuwa peke yako."

"Kwa hiyo 'na B'…" Renee alianza.

"Jumatano. Siku ya mazoezi unaruhusiwa abiria. Alikuwa akikaa kulia kwangu, mtu mzito, anasikiliza. Umechelewa gia ya pili, Ardie. Umeachia klachi kama unakanyaga yai. Jumamosi anabaki nje ya uzio, ananisikia kutoka huko, na nikitoka ananiambia sekunde zangu kabla sijamwambia. Hakuwahi kukosea zaidi ya nusu ya kumi. Mbao hizo alizichonga yeye. Alinishika mguu, akapima kwa vidole, wiki mbili nzima anachonga, anajaribu, anachonga."

Genia aliongeza kahawa. Curt alikuwa akiitazama injini kwa namna ambayo Renee hakuwahi kumwona akiitazama injini ya mtu mwingine.

"Kwa nini mliacha?" aliuliza Genia.

"Alikufa mwaka sabini na tatu. Figo. Nilijaribu kuendelea." Bi Ardith aliweka kikombe juu ya benchi la kazi. "Lakini mistari yote ingekuwa bila B. Nikaliuza ndani ya mwezi."

Mzee Walter alikohoa. Kisha akasema jambo ambalo wanawe hawakutegemea kulisikia kinywani mwake. "Bi Ardith, nilikuwa nimekusudia kulirudisha kama lilivyotoka kiwandani. Sasa sijui. Ukitaka mbao zibaki, zitabaki."

"Gari ni lako. Sisi tulikuwa tunabadilisha kitu kila wiki. Burt angecheka kusikia mtu anaomba ruhusa." Akamgeukia Genia. "Na wewe unaendesha lipi kati ya haya?"

"Mimi?" Genia alicheka kidogo. "Mimi nina kagari kangu ka kwendea dukani."

"Muda gani mmeoana?"

"Arobaini na mitatu."

"Magari mangapi yamepita humu?"

"Ishirini na mangapi, Walter?" Genia aliuliza bila kumtazama, akajijibu mwenyewe. "Ishirini na mawili."

"Na hujaendesha hata moja?"

"Miguu haifiki," alisema Genia. Alisema bila uchungu, kama mtu anayesema duka limefungwa. "Na Walter anapenda viti vyake vikae pale kiwanda kilipoviweka."

Renee alimtazama baba yake. Mzee Walter alikuwa akitazama sakafu, pale zilipokuwa hesabu za chaki za Curt, na masikio yake yalikuwa mekundu.

Ni Bi Ardith aliyeufungua mlango wa dereva. Kiti kilikuwa kimerudishwa kwa nati mbili tu, kikiyumba. "Kaa," alisema.

"Na nguo ya kanisani hii?"

"Kaa, bibi wee."

Genia alikaa. Aliingiza mguu mmoja, halafu wa pili, akakusanya sketi yake, akashika usukani kwa vidole kwanza, kisha kwa viganja. Mguu wa kushoto ukapanda juu ya ile mbao ya klachi ukatulia. Kiatu chake kilikuwa kikubwa kidogo kuliko ule mbonyeo, lakini kidogo tu. Akakanyaga. Akaachia. Akakanyaga tena hadi mwisho, na uso wake ukawa na kitu ambacho Renee alikitafutia jina muda mrefu baadaye. Haikuwa furaha, bado. Ulikuwa uso wa mtu aliyekuta chumba kipya katika nyumba aliyoishi miaka yote.

"Walter," alisema, macho mbele. "Linawaka?"

"Bado, mama."

"Basi liwake."

Lilichukua miezi saba. Mzee Walter na Curt walibishana kama kawaida, lakini sasa kila ubishi uliishia jikoni kwa mwenye gari. Injini ilibaki ileile ya Burt Colvin. Curt alikataa mtu yeyote aiguse isipokuwa yeye, na alipoifungua akakuta kazi safi hata akampigia simu Bi Ardith kumwambia. Breki za mbele ziliwekwa za kisasa, na Mzee Walter akatia sahihi kushindwa. Renee alishona viti upya kwa vinaili nyeusi, reli zikabaki kwenye matundu ya mbele. Rangi ikapigwa chungwa, safari hii ya bei ghali, na Bi Ardith alipoiona alisema bado ni mbaya.

Mwezi Mei Bi Ardith alianza kumfundisha Genia, kwenye uwanja wa maegesho wa duka kubwa lililofungwa. Siku ya kwanza gari lilimzimikia mara tisa. Mzee Walter, aliyesimama kando na mikono mfukoni, alifungua mdomo kutoa ushauri mara moja tu. Bi Ardith alimwashiria akakae na wenzake, akaenda akakaa.

Mwezi Agosti walilipeleka kwenye maonyesho. Mwamuzi, kijana mwenye ndevu nadhifu na ubao wa kuandikia, aliinama ndani, akaona mbao, akatikisa kichwa, akapunguza alama. "Pedali si za asili," alisema. Na Mzee Walter, ambaye maisha yake yote alipunguzia magari ya watu alama kwa skrubu moja, alisimama na yule kijana robo saa nzima akimweleza kuna asili za namna ngapi. Hawakupata tuzo. Wakala soseji, wakarudi nyumbani, Genia usukanini.

Alhamisi moja baada ya hapo Renee alipita kwa wazazi wake mchana kuchukua kitambaa. Alimkuta mama yake gerejini peke yake, boneti iko juu, mkono wa sweta una mafuta hadi kiwikoni. Curt alikuwa akishuka garini mwake kwa ajili ya chakula cha mchana.

"Curt, mwanangu," alisema Genia. "Jana nilikwenda na Ardith huko kwenye uwanja wa mbio, ule wanaoruhusu watu wote Jumatano. Nimepata sekunde kumi na tano na nusu."

Curt alisimama na funguo mkononi. "Mama, umefanya nini?"

"Si umenisikia. Sasa niambie, hizi kabureta, zikibadilishwa, inakuwaje?"

"Inategemea," alisema Curt, akimtazama dada yake, kisha mama yake. "Unataka kwenda kasi kiasi gani?"

Genia alifikiri. Alijifuta mikono kwenye kitambaa, kidole kimoja kimoja, akaitazama injini.

"Sijui," alisema. "Ndiyo maana nauliza."